Rafiki Anapochakachua Dadu: Nimkemee, Ninyamaze au Nimwache?



Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, hata la kitoto: mtu anayeiba kwenye mchezo. Sizungumzii mpira wala kamari. Nazungumzia mchezo wa mezani, wa marafiki, usio na zawadi wala hata shilingi mia. Nimelazimika kulifikiria kwa sababu lilinikuta, na nusura linigharimu rafiki. Zaidi ya hapo, lilinionyesha kitu kuhusu mimi mwenyewe ambacho sikutaka kukiona.

Mchezo wenyewe

Kuna michezo ambayo pengine hujawahi kuiona ikichezwa: michezo ya kuvaa uhusika. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna mshindi kama drafti au karata. Watu wanne, watano au sita wanakaa kuzunguka meza. Mmoja anakuwa mwongozaji. Yeye ndiye anayesimulia kilichopo: mlango umefungwa, mto umejaa, jitu limesimama darajani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Akitaka kufanya jambo lisilo na uhakika, tuseme kuruka mto au kupiga mshale gizani, anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha uwezo wa mhusika wake ulioandikwa kwenye karatasi, na jumla ikifika kiwango kinachotakiwa, amefaulu. Isipofika, ameanguka mtoni, na hadithi inaendelea kuanzia hapo.

Najua wapo watakaouliza, "Huo si ndio ule mchezo wa kishetani?" Ni kweli kwamba Marekani, miaka ya 1980, wazazi na wahubiri wengi waliuogopa mchezo huu wakidhani unafundisha uchawi. Mimi nasema hivi: hadithi inategemea wanaoisimulia. Sisi hatuiti pepo wala hatusomi maneno ya ajabu. Tunasimulia habari za watu wanaookoa kijiji. Kama wewe dhamiri yako inakusumbua, ongea na wazazi wako au paroko wako, na usicheze kwa kujilazimisha. Leo si hoja yangu.

Na kama unadhani Mkristo makini hana muda wa michezo, msikilize Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika Summa Theologiae anafundisha kwamba kucheza kwa kiasi ni jambo la fadhila, kwa kuwa roho nayo huchoka kama mwili. Anakumbusha hadithi ya kale kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga, na tena, na tena. Akaulizwa kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na roho ya mtu, akasema Yohane, nayo ni hivyo hivyo.

Ushike huo upinde, kwa sababu rafiki yangu naye alikuwa mpiga upinde.

Ilivyotokea

Tulikuwa sita, wote vijana wa parokia moja hapa Dar es Salaam. Mmoja wetu alirudi kutoka masomoni na pakiti ya dadu saba, za pande nne mpaka pande 20. Sehemu ya kanuni za mchezo inapatikana bure kwenye intaneti, basi tukaichapisha steshenari, tukaibana, ndicho kikawa kitabu chetu. Tulicheza Jumapili mchana sebuleni kwetu, baada ya misa ya pili na mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa mwongozaji. Majina ya wenzangu siyataji. Nitawaita kwa wahusika wao.

Mpiga Upinde alikuwa hakosi. Mwanzoni tulishangilia. Halafu tukaanza kuangalia mikono yake. Dadu yake aliirusha karibu na kifua, akaitazama haraka, akaiokota, ndipo akatangaza, "Kumi na tisa!" Ikija namba ndogo, basi ilikuwa "imeanguka vibaya", anarudia. Ikija namba kubwa, hata kama imeanguka chini ya meza, hiyo ilikuwa halali. Jumapili moja alitangaza 20 mara tatu mfululizo. Kwa dadu ya haki, ukirusha mara tatu, nafasi ya kupata hivyo ni moja katika 8,000. Inawezekana, ndiyo. Ila na alama zake za uhai nazo zilikuwa hazipungui. Wenzake wakipigwa na jitu wanafuta na kuandika upya. Yeye penseli yake ilikuwa haiguswi.

Sasa sikiliza sisi tulifanya nini, maana hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Kwanza tulinyamaza. "Ni mchezo tu, bwana." Kisha tukaanza utani wa pembeni, wa kukonyezana. Kisha Mwenye Mkuki akafungua kundi la pili la WhatsApp, sote tukiwemo isipokuwa yeye. Huko tulimcheka vizuri. Kuna aliyehesabu dadu zake za jioni nzima na kutuma jedwali. Na mimi, mwongozaji, nikatengeneza adui maalumu: jitu lenye ngozi isiyopenya mshale, linalomfuata yeye tu. Niliwaambia wenzangu huo ni uwiano wa mchezo. Uwiano gani! Nilikuwa nalipiza kisasi kwa kujificha ndani ya hadithi.

Jumapili hiyo hiyo asubuhi tulikuwa tumepeana amani kanisani, mkono kwa mkono.

Je, ni dhambi kweli?

Swali hili si la kuchekesha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inagusa michezo waziwazi. Inafundisha kwamba michezo ya bahati kama karata si kinyume cha haki kwa yenyewe, bali inakuwa mbaya inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa mahitaji yake na ya wengine, na inatahadharisha juu ya kutawaliwa na kamari. Kuhusu kuiba kwenye mchezo, inasema ni jambo zito, isipokuwa pale madhara yanapokuwa madogo kiasi kwamba aliyedhulumiwa, akifikiri vizuri, hawezi kuyaona kuwa na uzito.

Basi tufikiri vizuri. Pale mezani hakuna aliyepoteza fedha. Hakuna kombe. Wachezaji wote wako upande mmoja; mshale ukimpata adui, wote wananufaika. Sasa kimeibwa nini? Kwa muda mrefu sikuwa na jibu, mpaka nilipokumbuka Anania na Safira.

Habari yao iko katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Wanauza shamba, wanaficha sehemu ya fedha, wanaleta iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Wengi tunadhani kosa lao lilikuwa uchoyo. Lakini soma maneno ya Petro: anawaambia wazi kwamba shamba lilikuwa lao, na hata baada ya kuuza, fedha ilikuwa mikononi mwao. Hakuna aliyewadai. Wangeweza kuleta nusu na kusema ni nusu. Walichotaka ni kuonekana kama waliotoa vyote bila kutoa vyote. Walitaka heshima ya jambo ambalo hawakulifanya.

Na aliyechakachua dadu ndicho anachotaka. Anataka tumshangilie kwa bahati ambayo hakuipata na kwa ujasiri ambao haukumgharimu. Halafu, bila kujua, anachukua kitu cha wenzake. Mganga, ambaye ni binti mdogo kuliko sote pale, siku moja alirusha akapata 3, mhusika wake akaanguka kwenye shimo, na akakaa nusu saa nzima akitazama wengine wakicheza. Alikubali. Alicheka hata. Kule kukubali kwake kulikuwa na maana kwa sababu sote tulidhani tuko chini ya dadu ile ile. Kama mwenzake anachagua namba, basi Mganga si mvumilivu tena, amegeuzwa mjinga. Kinachoibwa pale mezani ni uaminifu unaowawezesha watu kuanguka pamoja bila kuona haya.

Bwana wetu alisema kwamba aliye mwaminifu katika dogo atakuwa mwaminifu hata katika kubwa (Luka 16:10). Mara nyingi tunautumia mstari huo kutishana: ukiiba dadu leo, kesho utaiba mtihani, keshokutwa utakuwa mhasibu unaiba fedha za kanisa. Sidhani kila mtu anafuata njia hiyo. Ila ninaamini hivi: mahali padogo ndipo moyo unapojionyesha bila kulazimishwa. Mtihani una msimamizi. Benki ina kamera. Mezani kwa marafiki hakuna kitu kinachokuzuia isipokuwa wewe mwenyewe.

Kikombe cha chai na swali lisilotarajiwa

Injili ya Mathayo 18:15 husomwa Jumapili ya 23 ya Mwaka A, na wengi tunaikumbuka: ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Nilichokuwa sijaona ni kwamba sisi tulikuwa tumeipindua kichwa chini. Tulianza kwa kuwaambia wote, na aliyebaki bila kuambiwa ni yeye peke yake.

Nikamwita jioni moja, tukakaa kwa mama mmoja anayeuza chai na vitumbua. Nilikuwa nimejiandaa hotuba. Ikanipotea yote. Nikasema tu, "Kaka, naomba nikuulize kitu, na nakuuliza kwa sababu nakupenda. Naona kama dadu zako husemi zinavyoanguka. Nimeona vibaya?"

Akakaa kimya. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Hujaona vibaya."

Halafu akaniambia, huku akikata kitumbua vipande vipande bila kula. Amemaliza chuo mwaka wa pili huu. Maombi ya kazi ametuma mpaka ameacha kuhesabu. Nyumbani mdogo wake ameshaanza kuleta unga mezani, yeye bado. "Wiki nzima ni kukosa tu," akasema. "Jumapili nikija kwenu, nikikosa na huko pia, siwezi. Najua ni ujinga. Lakini siwezi."

Sikuwa na la kusema. Tulikuwa tumemcheka miezi miwili, tuna jedwali lake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaishije.

Kisha akainua macho. "Na wewe je? Nyuma ya lile boksi lako?"

Hapo ikabidi nimeze mate. Lazima nikueleze: mwongozaji wa mchezo huu kwa kawaida anakaa nyuma ya kizuizi kidogo, ili wachezaji wasione siri za hadithi. Mimi nilikuwa natumia boksi la viatu. Nyuma yake nilikuwa narusha dadu za maadui. Na kweli, Mganga alipokuwa karibu kufa, mara mbili dadu ilionyesha pigo la kummaliza, nikatangaza "amekosa". Nilimhurumia. Na jitu lilipokuwa linamfuata Mpiga Upinde, mara moja dadu ilionyesha kwamba limekosa, nikatangaza "limepiga".

Nilikuwa nimekwenda kutoa kibanzi kwenye jicho la ndugu yangu, nikiwa na boriti langu (Mathayo 7:3-5). Boksi la viatu zima.

Mwongozaji naye anadanganya?

Wachezaji wa mchezo huu hubishana sana juu ya hili, duniani kote, na hoja ziko pande zote. Wapo wanaosema kazi ya mwongozaji ni kuleta hadithi nzuri, kwa hiyo akibadilisha namba moja nyuma ya kizuizi ili furaha isikatike, ametimiza wajibu. Wapo wanaosema ukishairusha, umeahidi kuitii.

Mimi baada ya kutafakari nimefika hapa. Kusimulia kwamba kuna jitu darajani si uongo, maana kila mtu mezani anajua kwamba hakuna jitu. Hadithi haimdanganyi anayejua kuwa ni hadithi. Dadu ndicho kitu pekee pale ambacho tumekubaliana hatutakitunga. Kama kundi limekubaliana tangu mwanzo kwamba mwongozaji anaweza kurekebisha namba zake, basi hajamdanganya mtu. Lakini kama wenzako wanaamini unatangaza ulichokiona, nawe unatangaza ulichokitaka, basi umewadanganya, hata kama ni kwa huruma. Na ile ya jitu haikuwa huruma. Ile niliipeleka kitubio.

Na hata huruma yangu kwa Mganga niliipima upya. Nilimwokoa, sawa. Ila nilimnyima pia nafasi ya kuanguka akainuliwa na wenzake. Niliamua peke yangu, gizani, kwamba hawezi kustahimili kushindwa. Hilo nalo ni kumdharau mtu kwa upole.

Mithali 16:33 inasema kura hupigwa mapajani, lakini uamuzi wake watoka kwa Bwana. Sisemi kwamba Mungu anatuma ujumbe kwa dadu ya plastiki, tusiende huko. Ninachojifunza ni hiki: tangu zamani watu walirusha kura pale walipotaka kuondoa mkono wa mtu katika uamuzi, kama mitume walivyofanya kumpata Mathia badala ya Yuda (Matendo 1:26). Kurusha kitu na kukubali kinachotoka ni zoezi dogo la kutojifanya Mungu. Mimi na Mpiga Upinde wote wawili tulikuwa tumelikimbia zoezi hilo: yeye kwa sababu maisha yamemwangusha mno, mimi kwa sababu nilipenda kuwa juu.

Sasa tufanyeje?

Nimeandika haya machache kwa ajili yako ambaye una rafiki wa namna hii, iwe ni kwenye mchezo huu, karata, ludo au hata kazi ya kundi chuoni.

*Hakikisha kwanza.* Kanuni za mchezo huu ni nyingi, na mtu anaweza kujumlisha vibaya bila nia mbaya. Keti naye mpitie karatasi yake kama wanafunzi wawili. Wengi wanaoitwa wezi ni watu waliosoma kanuni haraka.

*Nenda peke yako, na uende kama muulizaji.* Mtakatifu Thomas, anapozungumzia kumwonya ndugu, anataka kosa la siri lishughulikiwe kwa siri kwanza, ili sifa njema ya mtu isiharibiwe bila sababu. Usianze na "sote tunajua." Maneno hayo humwambia mtu kwamba kesi imeshasikilizwa bila yeye.

*Usitumie mchezo kumwadhibu.* Kumuulia mhusika wake, kumtumia jitu, kumpa utani wa mafumbo: hayo yote ni kukwepa mazungumzo. Anaumia asijue kwa nini, nawe unajiona hodari.

*Tengenezeni utaratibu wa wote.* Sisi tuliweka sinia katikati ya meza. Kila dadu inarushwa humo, ya mwongozaji pia. Ikitoka nje ya sinia, inarudiwa, iwe 1 au 20. Namba inasomwa na aliyekaa kulia kwako. Hakuna aliyenyooshewa kidole, na jaribu limepungua kwa kila mtu. Kuombea wenzetu wasiingie majaribuni halafu kuwaachia mlango wazi, hilo haliendani.

*Acha mlango wa kurudia.* Mtakatifu Paulo anawaambia Wagalatia (6:1) wamrejeze aliyekosea kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa naye. Lengo ni kumrejeza. Ukimwonya mtu kwa namna ambayo hawezi kukaa tena mezani, umeshinda kesi umepoteza ndugu.

*Na akikataa?* Rudi na mmoja au wawili, kama Injili inavyosema. Kisha kundi. Na ikibidi, apumzike mchezo kwa muda, maana wengine nao wana haki ya kucheza kwa amani, na kuvumilia uongo bila kikomo si upendo. Ila angalia: Yesu anasema asiposikia hata kanisa, awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Na Yesu aliwatendea vipi watoza ushuru? Alikula nao. Mmoja wao alikuwa Mathayo, ambaye Injili yenyewe yenye maneno hayo inaitwa kwa jina lake. Basi, mtu anaweza kuondoka kwenye mchezo wako asiondoke kwenye sahani yako.

*Kama fedha zilihusika*, kuomba msamaha hakutoshi, zirudishwe. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na hakusubiri kudaiwa.

Ilivyokwisha, kama imekwisha

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku moja. Mpiga Upinde hakuja Jumapili tatu. Nilidhani tumempoteza. Katika muda huo nilifuta lile kundi la pili, na kabla ya kulifuta niliwaandikia wenzangu kwamba mimi nami nilikuwa nabadilisha namba. Mwenye Mkuki alikasirika, na hasira yake ilikuwa halali. Mganga ndiye aliyeniumiza zaidi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ile siku nilipopona, sikupona?"

Jumapili ya nne alikuja. Hakutoa hotuba. Alisema, "Jamani, nilikuwa nawaongopea dadu. Nisameheni." Nasi tukamwomba radhi kwa ajili ya lile kundi, ambalo hakuwa analijua. Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Kosa lake tulilijua wote. Letu ndilo lililokuwa limefichika, na siwezi kukuambia kwa uhakika lipi lilikuwa kubwa.

Tukaweka sinia. Zamu yake ilipofika akarusha: 4. Mshale ukapita hewani. Kimya kidogo, halafu akacheka kwanza yeye. Zamu iliyofuata: 7. Amekosa tena. Jitu likamwangusha, na Mganga akavuka chumba kizima kumfikia, akarusha dadu, sote tukainama kwenye sinia kusoma. Ilikuwa 16.

Kazi bado hajapata. Mwenye Mkuki bado anaitazama dadu yake kwa sekunde moja zaidi kuliko za wengine, na hilo nalo tunalivumilia, maana kusamehe ni siku moja na kuaminiana kunachukua Jumapili nyingi. Ila sasa mmoja wetu anamsaidia kupitia barua zake za maombi, na kabla ya kuanza mchezo kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje. Ni dakika kumi tu. Tungekuwa nazo tangu mwanzo, pengine nisingekuwa na makala ya kuandika.

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Ni wapi ninapojifanya nimefaulu kwa sababu naogopa kuonekana nimekosa?
2. Kuna ndugu ambaye nimeshamsema kwa watu watatu na sijamwambia yeye mwenyewe?
3. Ninapomrekebisha mwenzangu, nina boksi gani ninalojificha nyuma yake?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, ulikubali kuanguka njiani ukiubeba msalaba mbele za watu wote, wala hukuficha. Utupe neema ya kukosa bila kudanganya, na kuona kosa la ndugu bila kulifurahia. Utufundishe kwenda kwake mapema, kwa upole, na peke yetu. Na sisi tunaoonya, utuonye kwanza. Amina.

Mama Maria, Kikao cha Hekima, utuombee.

Jumapili njema, na mkicheza, sinia liwe katikati. Tumsifu Yesu Kristo!